Kwa mnaoanza zamu: gusa, kisha ngoja

Ninyi mnaoingia chumba cha kuongozea mitambo kwa mara ya kwanza, kitakachowasumbua zaidi si wingi wa geji wala kelele za kengele. Ni kuchelewa kwa majibu. Unafungua vali kidogo, joto halisogei. Unaongeza, bado. Unaongeza tena, halafu yote matatu yanafika kwa pamoja. Hapo umeshazidisha, unarudisha kwa haraka, na mtambo unaanza kuyumba kwa sababu ya mkono wako mwenyewe.

Mwanasaikolojia Mjerumani Dietrich Dörner alilichunguza jambo hili kwa kompyuta. Aliwapa watu ghala la baridi la kuigiza, ambalo kidhibiti joto chake kimeharibika, walisimamie kwa mkono. Walichobadilisha hakikuonekana papo hapo. Wengi walihangaika kupandisha na kushusha, na baadhi wakaanza kuamini kwamba namba fulani zina tabia zake. Waliofanikiwa walibadilisha kidogo, wakatulia, wakafuatilia joto linaelekea wapi na kwa kasi gani.

Kwa hiyo kila unapogusa kitu, andika saa, umegusa nini, na unatarajia nini kitokee. Hilo la tatu ndilo watu hulirukaruka, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote, maana bila matarajio yaliyoandikwa, jibu lolote litakaloonekana utalikubali.

Jambo jingine: jueni kila taa inapima nini hasa. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali ya kupunguza presha ilifunguka ikakwama wazi. Taa kwenye paneli ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa. Waendeshaji wakaelewa kwamba imefungwa. Geji nyingine ikaonyesha maji yamejaa kwenye tangi la presha, nao wakapunguza maji ya dharura, wakati kiini cha kinu kilikuwa kinakaukiwa. Hawakuwa wazembe. Mafunzo yao yaliwatahadharisha sana kuhusu tangi hilo kujaa, wakasoma kila ishara kwa hofu hiyo. Maji yalivuja kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini ikayeyuka.

Uvujaji ulikomeshwa baada ya mtu aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kuhoji kuhusu vali hiyo, na vali ya akiba iliyo kwenye bomba hilohilo ikafungwa. Yeye hakuwa amekaa saa nzima akijenga maelezo ya kinachoendelea.

Ndiyo maana mkipokea zamu nawasihi ombeni kwanza namba, mzisome wenyewe, ndipo mwenzenu awaeleze anavyoona hali. Na mkikwama, mwiteni mtu wa nje ya chumba, mwonyesheni geji bila kumwambia mnachodhani.