Kerneli mpya, mtandao mzito: kabla hujakimbilia git bisect

Siku moja git bisect, zana inayosaka badiliko lililoleta hitilafu, ilinikabidhi mkosaji wangu: kiraka cha dreva ya kadi ya sauti. Seva yenyewe haikuwa na hata spika. Nilikuwa nimekompaili kerneli (moyo wa mfumo endeshi) mara 17, siku mbili nzima, nikitafuta kwa nini mtandao umepungua kasi baada ya kuhama kutoka Linux 4.19 kwenda 5.4.

Bisect haikuwa na kosa. Inagawa historia nusu kwa nusu na kukuamini kila ukisema "nzuri" au "mbovu". Ukiidanganya mara moja, hatua zote zinazofuata zinatafuta mahali ambapo mkosaji hayupo. Mimi niliidanganya kwa njia mbili.

Kwanza, vipimo. Nilikuwa nawasha seva, naendesha iperf3 (kipima kasi ya mtandao) kwa sekunde 10, mara moja, naandika namba. Baadaye niliijaribu kerneli ileile mara 20, nikiwasha upya kila mara, na namba zikapishana kuliko hata tofauti niliyokuwa naiwinda! Kila seva ilipowaka, foleni za kadi ya mtandao ziliangukia viini vingine vya prosesa, mara nyingine vya soketi ya pili, mbali na kumbukumbu iliyo jirani na kadi. Siku hizi nazima irqbalance (inayohamisha foleni hizo kati ya viini), nafunga kila foleni kwenye kiini chake kupitia /proc/irq, naibana iperf3 kwenye kiini chake kwa taskset, na gavana ya prosesa (inayopanga kasi yake) naiweka performance. Napima mara 10 au zaidi, nikitazama mtawanyiko kabla ya wastani. Namba za kerneli nzuri na mbovu zikiwa bado zinaingiliana, basi kazi haijaanza.

Linganisha pia majibu ya ethtool -k (yanaonyesha mipangilio ya kadi ya mtandao) kwenye kerneli zote mbili, maana TSO au GRO, mbinu za kushughulikia pakiti kwa makundi, ikiwa imezimika utahangaika bure. Na usipime wingi wa data peke yake: TCP_RR ya netperf hupima swali na jibu, na hiyo inaweza kuharibika huku iperf3 ikicheka.

Pili, konfigi, yaani orodha ya machaguo ya kujengea kerneli, na hapa ndipo nilipoumia. Kerneli ya zamani niliijenga mwenyewe; 5.4 ilikuja na konfigi ya walioifungasha, na humo CONFIG_INIT_ON_ALLOC_DEFAULT_ON ilikuwa imewashwa. Chaguo hilo, lililoingia kwenye 5.3, linafuta kwa sifuri kila kipande cha kumbukumbu kabla hakijatolewa, na mtandao huomba kumbukumbu bila kupumua. Sasa tazama mtego: bisect iliporuka nyuma ya 5.3, make olddefconfig (amri inayoilinganisha konfigi na kerneli iliyopo) ililitupa chaguo hilo kwa kuwa halikuwepo. Iliporudi mbele ikaliweka kwenye hali yake ya kawaida, yaani limezimwa. Kerneli mbovu ikaonekana nzuri, nami nikaiandika nzuri. Weka nakala ya konfigi ya mwanzo pembeni, uirudishe kwenye kila hatua kabla ya kukompaili. Kabla ya hapo, linganisha konfigi mbili kwa scripts/diffconfig, imo ndani ya msimbo wa kerneli wenyewe.

Kilichonifedhehesha ni kwamba perf, zana inayoonyesha prosesa inatumia muda wapi, ingenimalizia haya kabla ya chai ya saa nne. Nilipoendesha perf top wakati mzigo unapita, clear_page_erms, sehemu ya kerneli inayofuta kumbukumbu kwa sifuri, ilikuwa imekaa karibu na kilele; kwenye 4.19 ilikuwa chini huko, huioni bila kuitafuta. Nikawasha seva na init_on_alloc=0, kigezo cha kuwashia kinacholizima chaguo lile, na kasi ikarudi, bila kukompaili chochote.

Lakini chaguo lile lipo kwa ajili ya usalama: linazuia mabaki ya data ya programu moja yasivuje kwenda kwingine. Kwenye seva ile, inayoendesha programu zetu wenyewe tu, nililizima. Zile zinazopokea watu wa nje nimeziacha na uzito wake.