Mkate wa mayai wa bibi unabonyea, nifanyeje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Idi hii nimealika marafiki chakula cha usiku hapa kwangu Kisauni, nataka kuwapikia mkate wa mayai wa bibi yangu, mayai 6, sukari kikombe, unga kikombe na iliki, basi. Yeye alipikia makaa juu na chini, mimi natumia oveni na kila nikiutoa unabonyea katikati. Nitie beking pauda?

JIBU: Marahaba mwanangu. Beking pauda usitie kabisa, utakuwa si mkate wa bibi yako tena. Kinachouinua ni hewa ya mayai tu, kwa hivyo kazi yote iko hapo, yatoe kwa friji mapema, yapige na sukari mpaka yawe meupe mazito, ukiinua mashine kile kinachodondoka kikae juu kidogo ndo kizame, wengi wakiona povu tu wanadhani tayari na bado. Unga uchunge, utie kidogo kidogo ukichanganya kwa mwiko polepole, mashine weka kando itakutolea hewa. Oveni iwe ishapata moto 180, mkate uingie papo hapo, na mlango usifungue nusu saa ya kwanza, hapo ndo wengi unawabonyea. Kijiti kikitoka kikavu, toa. Zile rangi za makaa utazipata ukiwasha moto wa juu dakika za mwisho, lakini simama hapo hapo uangalie! Na iliki twanga mwenyewe tafadhali, ile ya pakiti harufu ishakwenda.