"Mume wangu anasema maombi yangu hayafiki bila yeye"

*Shangazi, shikamoo. Ni mama wa watoto watatu, Mlutheri wa kuzaliwa. Mume wangu siku hizi anahudhuria ibada za jioni kwenye huduma moja mtaani. Sasa anasema yeye ndiye kuhani wa nyumba, na nikiomba bila yeye kuridhia, maombi hayafiki. Jumapili alichukua bahasha yangu ya sadaka, akakata jina langu kwa kalamu, akaandika lake. Binti yetu akaniuliza, "Mama, kwani Mungu hakujui?" Nilikosa la kumjibu. Mama wa Morogoro.*

Marahaba, mwanangu. Mjibu binti leo hii kwamba anakujua, na usingoje baba yake aafiki.

Mumeo amechanganya mambo mawili. Kuna suala la nani aongoze kanisani na nyumbani, na hapo Wakristo wanabishana kweli. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Waanglikana wa Kenya walimweka Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwaka 2021. Wakatoliki wamekataa, na Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Lakini hata hao hawasemi sala ya mke igongwe muhuri na mume kwanza. Hao hao mwaka 1970 waliwatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa, na hakuna kati yao aliyekuwa na mume. Sijui maombi yao mumeo angeyapitisha kwa nani.

Najua mstari anaoushikilia: 1 Timotheo 2:12, mwanamke asifundishe wala asimtawale mwanamume. Mwambie aanze juu kidogo. Mstari wa 5 wa sura hiyohiyo unasema mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, naye ni Kristo Yesu. Nafasi ya msaidizi wake haijatangazwa. Akikimbilia 1 Wakorintho 11 kwa habari ya mume kuwa kichwa cha mke, asome pia kwamba Paulo pale anazungumzia wanawake wanaosali na kuhutubu, wafunike vichwa au la. Kama sala zao hazikuwa zikifika, kitambaa kilikuwa cha nini?

Halafu, taratibu, mfungulie 1 Petro 3:7. Waume wanaagizwa wawape wake zao heshima, kama warithi pamoja wa neema ya uzima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe". Umeona? Pale Petro anapoonya kuhusu maombi kuzuiliwa, anaongea na waume. Nisingelala vizuri mahali pa mumeo.

Usimrushie mistari hii mezani watoto wakisikiliza. Mwanamume akishindwa mbele ya wanawe hukaza shingo. Subiri mkiwa wawili. Akitaka kuongoza sala ya jioni, mwachie kwa moyo mmoja, maana wapo wanawake wanaolilia mume afungue Biblia hata mara moja kwa wiki. Ila kuomba ruhusa ya kuomba, hilo usikubali. Bahasha nayo, mwombe mzee wa kanisa akupe nyingine, uandike jina lako. Ahadi uliitoa wewe.

Sasa ile kalamu. Inanitia wasiwasi kuliko mahubiri yote ya huko anakokwenda. Je, anashika simu yako? Anauliza mshahara umekwenda wapi, anakukataza kwenda kwenye kikundi cha wanawake au kwa ndugu zako? Kama jibu ni hapana, huenda ni moto wa mafundisho mapya na utapoa. Kama ni ndiyo hata kwa moja, hapo Biblia imekuwa kisingizio tu. Waite wasimamizi wenu wa ndoa na mchungaji wa usharika wiki hii, na wakae nanyi wote wawili. Akikataa kikao, nenda mwenyewe, uwaeleze yote, pamoja na habari ya bahasha.