Mlango unagongwa, mwanangu

Mwanangu, shikamoo yako imefika, marahaba. Sie huku Mtwara wazima, vumbi tu, babaako yupo Nanyamba anapulizia mikorosho salfa akirudi ananuka kama kiberiti.

Umeniuliza kama nyie serikali ya wanafunzi muubane uongozi wa chuo upige marufuku sogea tuishi, yaani wapenzi kupanga geto pamoja bila ndoa, watu wote warudi hosteli, maana vipigo vingi mnavisikia magetoni. Nimelala na hilo swali siku tatu na kila nikishika simu nikujibu ananijia Somoe, yule wa kwenye picha ya kanga ya njano.

1999 tulikuwa chuo cha ualimu, hosteli zimejaa tukapanga Chikongola, vyumba vyenyewe kuta hazikufika juu, mtu akikohoa cha pili unamwambia pole. Somoe akamleta jamaa yake wakakaa chumba cha pili. Mwanzo tulimwonea wivu jamani, kila siku anafatwa getini. Baadae akawa haji tena kujisomea na sie, hela yake anashika yule, akichelewa sokoni anaulizwa alikuwa na nani. Halafu zikaanza zile sauti za usiku.

Mimi niliongeza redio. Nakwambia mwenyewe usije ukaambiwa na mamaako mdogo. Asubuhi Somoe katoka kajifunga kanga mpaka kidevuni, na joto lile la huku, sauti imekauka kabisa, nikamwambia ni mafua hayo chemsha mchaichai. Mchaichai! Juzi mamaako mdogo, si unajua anavyopenda kunisomesha tangu awe nesi, ananiambia kukabwa shingo ni moja ya dalili mbaya kabisa, mwanaume aliyewahi kukukaba ndio wa kumwogopa hasa, na shingo inaweza isiwe na alama hata moja na bado mtu akafa baada ya siku kadhaa, aende polisi apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na hospitali siku hiyo hiyo. Mie namsikiliza nawaza mchaichai.

Aliyefanya cha maana ni bibi mwenye nyumba, yule wa Kimakonde mwenye chale usoni. Saa nane usiku kaja na upawa kagonga ule mlango pa pa pa, "Wajukuu, naomba chumvi." Saa nane! Jamaa kafungua anahema, bibi kasimama pale pale mlangoni anasubiri chumvi, kaletewa, kasema haitoshi. Nacheka mpaka leo. Kelele zikafa, na kesho yake Somoe akalala chumbani kwa bibi. Kwa hiyo mimi neno langu ni lile lile, mlango unagongwa. Usiingie kupigana, gonga uombe chumvi, uombe chaja, chochote.

Sasa marufuku. Kama mama ningesema ndio, warudi wote. Lakini bumu lenyewe, hiyo hela ya mkopo wa wanafunzi, mnalijua, wengine wanakaa wawili sababu ya kodi, na mkishapiga marufuku yule anayepigwa ataenda kushtaki wapi, si atakuwa anajishtaki mwenyewe? Ila tena nikisema muwaache naona kama naongeza redio mara ya pili. Wengine watakwambia hayo ni mambo ya wapenzi yaacheni, waambie Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzake, na hiyo ni kwa waliooana, sembuse wa geto. Dawati la jinsia la chuo chenu nalo likaangalieni, lina mtu wa kukaa pale usiku au lina bango tu? Na mwanafunzi akitoka na begi lake saa nane analala wapi? Maana kuondoka ndio penye hatari, jamaa alimtafuta Somoe wiki nzima mpaka kwenye mtihani. Mambo ya marufuku usinibane, nikijibu sa hivi nitajibu kwa hasira za 1999.

Somoe nilikutana nae stendi ya Masasi miaka mingi baadae, akaninunulia chai na mihogo, hatukuligusa hilo. Nilitaka kumwambia habari ya redio, basi likapiga honi.

Halafu mwishoni mwa meseji umeandika "hata hapa jirani yangu siku hizi hatoki". Jirani yupi? Nipigie leo usiku, bando ninalo.

Mamaako