Kabla hujaenda kusikiliza simfoni

Mara yangu ya kwanza kuingia Philharmonie, ukumbi wa muziki hapa Berlin, ilipigwa Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi. Simfoni ni muziki mrefu wa okestra, unaogawanywa sehemu sehemu. Sehemu ya tatu ni kama gwaride: matarumbeta, matoazi, ngoma, inapanda mpaka inakatika kwa kishindo. Nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Ukumbi mzima tuliopiga tulikuwa kama watatu. Kumbe sehemu ya nne ilikuwa bado, tena ni ya majonzi, inazimika taratibu kwenye nyuzi nzito. Tchaikovsky aliiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza mwaka 1893, St. Petersburg, na siku 9 baadaye akafariki.

Sisi tuliokulia kwenye taarabu, ambako ukiguswa unainuka kwenda kutunza, kunyamaza dakika 45 ni mtihani. Basi hesabu: simfoni nyingi zina sehemu nne. Ukipotea, mtazame mwongozaji (kondakta siandiki, utamwona wa daladala). Mikono yake ikiwa bado juu, tulia. Wala usijione mshamba. Mwaka 1778, Paris, watu walimpigia Mozart makofi simfoni ikiwa bado inaendelea, naye akamwandikia baba yake akijivunia jambo hilo.

Lakini kubwa kuliko yote, isikilize kwanza nyumbani. Wiki nzima, ukipika, ukifua. Usisome historia yake, we sikiliza tu. Nilifanya hivyo kwa Simfoni ya Tano ya Beethoven, kisha nikakata tiketi ya nyuma ya okestra. Ukumbi ule, uliofunguliwa 1963, umewazungushia wanamuziki watazamaji pande zote, na viti vya nyuma huwa vya bei nafuu. Kasoro yake ni ngoma kuzizidi fidla. Faida yake: wapiga tromboni (tarumbeta kubwa lenye mrija wa kuvuta) niliwaona wamekaa sehemu tatu nzima bila kupuliza hata noti moja. Nami nilikuwa najua zamu yao inakuja. Ngoma zikaanza kugonga chinichini, wakainua vyombo, na sehemu ya nne ikafunguka. Vinyweleo vilinisimama.

Fika mapema umsikie mpiga obo, chombo ambacho ni ndugu yake zumari, akitoa sauti moja na wenzake wote wakilinganisha vyombo vyao nayo. Na kama una kikohozi, karatasi ya peremende ifungue kabla hawajaanza. Katika ule ukimya inasikika mpaka safu ya mwisho.