Kilomita niliziacha bandarini, muda nikaondoka nao

Wiki hii mmeuliza: ukiwa safarini, mbali na njia zako za kila siku, mazoezi ya kukimbia unayaendelezaje? Nikaona niandike na mimi manake wengi mtasikia habari za hoteli na barabara za ugenini, mimi nilikuwa kwenye meli ya kitalii siku 12, na siku 7 kati ya hizo hatukugusa nchi kavu kabisa, na nilikuwa katikati ya maandalizi ya nusu marathoni, wiki ya 8, ile ambayo kila mtu aliyewahi kukimbia anakwambia usiichezee.

Jibu langu ni hili, niliacha kuhesabu kilomita nikashika muda na jasho basi. Nikijua leo ni dakika 40 za taratibu natoka nazikimbia hizo 40, ziwe zimenifikisha wapi sijali. Lakini sikuanza hivyo, nilianza na ratiba yangu imeandikwa kilomita 8, kilomita 10, kilomita 14, na siku ya kwanza tu nikaona haiwezekani.

Njia ya kukimbilia ilikuwa sitaha, yaani sakafu ya meli, ile ya juu kabisa na kibao kilisema mizunguko 6 ni maili moja, yaani mzunguko mmoja ni mita kama 268. Piga hesabu, kilomita 10 ni mizunguko 37 na zaidi, kila mzunguko una kona, kuna viti vya kuotea jua, kuna watoto, kuna wazee wanatembea wameshikana mikono, na wao wana haki ya kuwepo pale kama mimi. Meli zinatofautiana sana kwa hili na ukipata nafasi ya kuuliza kabla hujakata tiketi uliza. Oasis of the Seas ina njia ya karibu mita 700, Queen Mary 2 ina sitaha inayozunguka meli nzima na ukienda mizunguko 3 umezidi maili moja kidogo, halafu ziko meli ndogo ambazo hazina njia kabisa, ni jimu tu.

Sasa habari ya saa ya mkononi. Siku ya pili tuko baharini, meli inakwenda noti kama 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, nikawasha GPS kama kawaida yangu nikakimbia nusu saa. Namaliza naangalia, inaniambia kilomita 18 na ushee. Nikakaa nikafikiria nikaelewa, noti 20 ni kilomita 37 kwa saa, hiyo ni karibu sawa na wastani wa Usain Bolt kwenye zile mita 100 za Berlin mwaka 2009 alizokimbia kwa sekunde 9.58, na meli inakwenda hivyo usiku na mchana. Mimi nikikimbia kuelekea omo, mbele ya meli, saa inajumlisha mwendo wangu juu ya wa meli, nikigeuka kuelekea tezi, nyuma ya meli, inautoa, kwa hiyo ukizunguka unazunguka vinafutana na kinachobaki ni safari ya meli yenyewe. Hata ningekaa kwenye kiti ile nusu saa ingeandika hivyohivyo. Wahenga wa pwani walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma uende mbele utarudi palepale tumboni mwa chombo, na mimi siku ile niliisikia kwa miguu. Tangu hapo nikaweka saa kwenye mazoezi ya ndani, ambayo haitumii setilaiti inakisia kwa mtikisiko wa mkono, na hata huko sikuangalia umbali, niliangalia dakika na mapigo ya moyo.

Na hata kama ungeweza kupima umbali sawasawa, kasi yako ya nyumbani usiitafute pale juu kwa sababu ya upepo. Hewa ikiwa imetulia kabisa, meli yenyewe inakutengenezea upepo wa kilomita 37 kwa saa usoni, ongeza 10 zako, ni 47. Ukigeuka unasukumwa mgongoni na 27, watu wanadhani zinalipana, hazilipani, unachopoteza ukielekea mbele ni kikubwa kuliko unachorudishiwa ukirudi. Meli nyingi zimeweka vioo pembeni kukinga ila kwenye kona ya mbele hakuna kioo kitakachokusaidia, pale nilikuwa nafupisha hatua nainamisha kichwa kidogo napita. Na kinyume chake nacho kipo ambacho sikukitegemea, siku moja upepo ulitoka nyuma kwa mwendo karibu uleule wa meli, sitaha ikatulia kama chumbani, joto likaniganda mwilini na moshi wa dohani ukabaki unaning'inia juu yetu. Siku ile nilikata zoezi dakika ya 22 na sijutii.

Kingine cha kona, mizunguko mingi upande mmoja inachosha mguu mmoja kuliko mwingine. Mimi ilikuwa nje ya goti la kulia, siku ya tatu likaanza kunisumbua. Kuna meli zinaweka utaratibu, tarehe za witiri watu wazunguke upande huu na za shufwa upande ule, kama yako haina basi nenda asubuhi sana kabla watu hawajajaa ugeuze katikati ya zoezi bila kumkwaza mtu. Afu sitaha ni chuma, ile raba waliyotandika juu ni nyembamba, kwa hiyo viatu vyenye soli nene ndo vya kubeba, na viwe vinashika vizuri, manake alfajiri mabaharia wanaosha sitaha na chumvi ya bahari ikichanganyika na maji inateleza vibaya.

Hiyo asubuhi sana nayo ina mpaka. Kuna sitaha ambazo chini yake au pembeni yake ni vyumba vya watu wamelala na meli inakataza kukimbia mpaka saa 1 au saa 2, naomba sana wakimbiaji wenzangu tuheshimu hilo, mguu mmoja juu ya chuma unasikika chini kama nyundo. Mimi nilikuwa natoka saa 12 na nusu kwenye ile ya juu ambayo inaruhusiwa, na kule kulikuwa na mama mmoja wa makamo anatembea kila siku saa hiyohiyo, hatukuwa na lugha moja ila tulikuwa tunanyanyuliana mkono kila tukipishana, na nakwambia kuna asubuhi mbili nilitoka kitandani kwa sababu yake tu.

Jimu sasa. Nataka niseme hili taratibu kwa sababu hapa ndipo niliumia. Jimu za meli nyingi zimewekwa juu na mbele ili watu waone bahari, inapendeza kweli, lakini mbele na juu ndipo meli inapotikisika zaidi kuliko mahali pengine pote, katikati na chini ndo kumetulia. Meli za siku hizi zina mapezi chini ya maji yanayotuliza meli isiende mrama kushoto na kulia, ila kule kupanda na kushuka kwa omo yale mapezi hayakuzuii. Na mashine za kukimbilia zimeelekezwa mbele. Kwa hiyo omo ikinyanyuka unapanda mlima, ikishuka unateremka, mlima mteremko mlima mteremko kila sekunde chache, na kuna punde mwili unakuwa mzito kama umebebeshwa gunia halafu ghafla unakuwa mwepesi na mguu unatafuta mkanda hauupati. Siku ya nne bahari ilichafuka, mimi nina zoezi la kasi kwenye ratiba, nikasema nitalifanya tu. Mguu ukakosa mkanda nikaangukia vyuma vya kushikia vya mashine, kiwiko kikachubuka na bega likauma siku mbili. Ile kamba ya usalama inayozima mashine ukianguka sikuwa nimeifunga nguoni, sasa naifunga hata mashine ikiwa kwenye sakafu ya nchi kavu.

Baada ya pale nilijiwekea sheria, kikombe cha maji kikianza kutembea chenyewe juu ya meza, mashine ya kukimbia siigusi. Nakaa kwenye baiskeli ya jimu, au nashuka kwenye ngazi za katikati ya meli, sitaha za chini, mkono mmoja kwenye reli ya ngazi muda wote. Ngazi za meli ni hazina watu hawaioni, wote wako kwenye foleni ya lifti. Napanda sitaha tano kwa nguvu, nashuka kwa kutembea, mara nane, moyo unafika palepale ambapo mbio za kasi zingeufikisha, na magoti hayalalamiki.

Kwa nini nasisitiza zoezi la kasi na sio umbali? Kwa sababu ya kazi za mtafiti wa mazoezi Robert Hickson na wenzake za miaka ya 1980, mwalimu wangu wa mbio alinielezea kabla sijasafiri na nikatulia. Waliwafanyisha watu mazoezi makali siku 6 kwa wiki, dakika 40, kwa wiki 10, halafu wakapunguza kitu kimoja kwa wiki 15 zilizofuata. Waliopunguziwa idadi ya siku wakaachiwa ukali walibaki vizuri. Waliopunguziwa dakika mpaka 13 uwezo wao wa kutumia oksijeni ulibaki, ila ustahimilivu wa mbio ndefu ndo ulishuka kiasi. Waliopunguziwa ukali ndio walioporomoka. Kwa hiyo mtu wa siku 12 hana sababu ya kulia na mizunguko 37, akipata mara moja au mbili kwa wiki moyo upande kweli, na siku nyingine ajisogeze taratibu, atarudi nyumbani karibu alivyoondoka. Kilichobaki ni mbio ndefu, na hizo nilizitafutia bandari.

Siku ya bandari usiitumie kwa mbio fupi, hiyo ndo siku yako ya ndefu. Nilikuwa nashuka gati likifunguliwa tu, nakwenda kwa muda, dakika 45 kwenda kwa njia iliyonyooka, nageuka, narudi, hakuna kupotea. Dakika za kwanza ardhi itakuyumbia, ukishazoea bahari mwili unaendelea kuisubiri, tembea kwanza usishtuke. Beba kadi ya melini, picha ya pasipoti kwenye simu, na maji. Na sikiliza hili kwa makini, meli ina saa yake na bandari ina saa yake na haziko sawa siku zote, simu yako ikishika mtandao wa nchi kavu inaweza kujibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Meli haisubiri mkimbiaji. Mimi nilivaa saa ya mkononi imewekwa saa ya meli na nilijiwekea kurudi saa nzima kabla ya muda wa mwisho wa kupanda.

Saa zenyewe zinabadilika pia mkiwa njiani, kila nyuzi 15 za longitudo ni saa moja, kwa hiyo ukivuka Atlantiki na Queen Mary 2 kuelekea magharibi, Southampton kwenda New York, unapata siku kadhaa za saa 25, na kurudi mashariki unanyang'anywa. Kwenda magharibi kwa mkimbiaji wa asubuhi ni raha unaamka mwenyewe. Sisi tulikwenda mashariki na kila saa iliposogezwa mbele nililala mapema usiku ule, nikaacha kila kilichokuwa kinaendelea ukumbini, manake nikikosa usingizi nilijua kesho sitoki.

Chakula sitasema mengi, kipo mchana kutwa, kimbia kabla hujala ndo shida inaisha. Mikono oshwa kwa sabuni na maji ukitoka jimu, dawa ya spiriti peke yake haitoshi kwa norovirusi, kile kirusi cha kuhara na kutapika. Cha dawa niseme kimoja kwa sababu ni cha hatari, kile kiraka cha kuzuia kigegezi, yaani kichefuchefu cha baharini, kinachobandikwa nyuma ya sikio, chenye skopolamini, kinapunguza jasho, na mtu asiyetoka jasho akikimbia juani kwenye sitaha ya chuma anaweza kupata joto la kumwangusha. Muulize daktari wa meli kabla hujakibandika ukatoka mbio. Mimi kigegezi kilinijia mara moja, nilitoka nje nikaangalia mstari wa upeo wa bahari nikitembea, kikaisha.

Siku ya 12 tulifika usiku, asubuhi meli imeshafungwa gatini, watu wako kwenye mizigo yao. Nikapanda juu saa 12 na nusu, sitaha tupu, hakuna upepo, yule mama yuko peke yake upande wa pili. Nikanyanyua mkono, naye akanyanyua. Nikakumbuka kwamba meli imesimama, nikawasha GPS kwa mara ya kwanza tangu siku ya pili. Dakika 40 za taratibu, pumzi imetulia, nikageuza upande katikati kwa ajili ya goti. Kilomita 6.9, kasi ileile niliyoondoka nayo.