Kufufua Pinboli ya Zamani Nyumbani Bila Kuimaliza

Pinboli, ile mashine ya mchezo wa mpira wa chuma, ikikaa stoo miaka mingi mara nyingi haijafa. Vumbi limejaa, grisi imeganda, platini za swichi (ncha za chuma zinazogusana) zimeota weusi, na raba zimekauka hadi zinakatika zikiguswa. Yote hayo yanatibika. Yasiyotibika kirahisi ni yale anayoyafanya mfufuaji mwenye pupa: tupa kupitishwa pasipotakiwa, mafuta ya kupuliza kumwagwa kila mahali, fyuzi kubwa kuwekwa mahali pa ndogo, maji kupakwa kwenye ubao wa mchezo. Ushauri wetu hapa chini, kwa sehemu kubwa, ni wa kukuzuia.

Kwanza ijue mashine yako ni ya kizazi gani. Ikiwa alama zinaonyeshwa kwa ngoma zinazozunguka, au kwa namba zinazowaka nyuma ya kioo, hiyo ni ya rilei (swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme) na mota, isiyo na kompyuta. Zilitawala hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Ikiwa alama ni za tarakimu za kielektroniki, ndani kuna bodi za kielektroniki, na matatizo yake ni mengine; tutayagusa mbele. Makala hii inazungumzia zaidi ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoweza kutengenezwa na mtu mwenye bisibisi, mita, chuma cha lehemu na subira.

Usiichomeke bado

Kabla ya umeme, toa kioo cha juu na ukisimamishe juu ya zulia au kipande cha mbao, kamwe si juu ya sakafu ya saruji au vigae. Kioo hicho kimekazwa kwa joto, na kikigongwa pembeni hupasuka chote kwa mara moja. Toa mpira wa chuma kabla ya kuinua ubao. Ukisahau, utateremka wenyewe na kupiga kioo cha kichwani (kile chenye picha, kilichosimama nyuma ya mashine) au kuangukia waya. Kisha piga picha. Piga nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, hasa za rangi za waya kwenye koili (mizingo ya waya inayovuta pistoni kwa sumaku ya umeme) na za mpangilio wa vipande vya plastiki juu ya ubao. Skrubu za kila eneo ziingie kwenye mfuko wake wenye maandishi.

Kagua waya wa umeme. Mashine nyingi za zamani zilitoka Chicago zikiwa na waya wa nyuzi mbili tu, bila athi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Badilisha uweke wa nyuzi tatu, na waya wa athi uufunge kwenye vyuma vyote anavyoshika mchezaji: mlango wa sarafu, reli za pembeni, ukanda wa mbele na miguu. Waya wa moto ndio upite kwenye fyuzi kuu na swichi, si ule wa pili. Tambua pia kwamba katika mashine nyingi za rilei, kuzima kwa swichi hakuondoi umeme kwenye transfoma. Ukitaka kuingiza mkono, chomoa.

Soma kibandiko cha volti. Mashine ya soko la Marekani inataka volti 115 hadi 120. Baadhi ya transfoma zina vituo vya ziada vya kubadilishia volti, nyingine hazina. Kama hazina, tumia transfoma ya kushusha umeme ya wati 500 au zaidi. Umeme wa hezi 50 badala ya 60 hauiharibu mashine, ila mota ya alama, inayoendesha kuhesabu, itakwenda polepole kidogo.

Halafu fyuzi. Toa kila moja, ipime kwa mita, na linganisha ukubwa wake na maandishi yaliyo kando ya kishikio. Usishangae kukuta fyuzi ya ampea 20 mahali pa 10, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara imezungushiwa fyuzi iliyoungua. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa anakimbia hitilafu, na hitilafu hiyo bado iko ndani inakusubiri.

Platini: hapa ndipo kazi ilipo

Mashine ya rilei ina mamia ya swichi za vibamba, na hitilafu nyingi zinaishia kwenye mojawapo. Platini za rilei nyingi ni za fedha. Ukizipitishia tupa unazila, na zikishaliwa hazigusani sawasawa tena. Zisafishe kwa kipande cha karatasi ngumu safi, kama kadi nyeupe, kilicholowanishwa kidogo kwa alkoholi: kibane kati ya platini mbili, kivute taratibu mara mbili tatu, uone weusi unaobaki kwenye karatasi. Zilizochafuka zaidi zinataka kijiwe laini chembamba cha kusafishia platini. Tupa ya chuma iache kwa platini ngumu za tungsteni zilizo kwenye flipa (mikono midogo inayopiga mpira) na swichi nyingine zinazobeba umeme mwingi, na hata huko ni kwa kugusa tu.

Kusafisha ni nusu. Nusu ya pili ni kurekebisha mwachano. Kabla hujakunja chochote, kaza skrubu za mrundo wa swichi, yaani pale vibamba vinapobanwa pamoja. Mrundo ukilegea, marekebisho yako hayatadumu. Kunja karibu na shina, si katikati ya kibamba. Swichi iliyo wazi iwe na mwachano wa takriban milimita 1 hadi 1.5, na inapofunga, kibamba kirefu kiendelee kusogea kidogo baada ya platini kugusana. Msuguano huo mdogo ndio unaojisafisha wenyewe kila mara mashine inapochezwa. Swichi inayogusa bila kusugua itafanya kazi leo na kugoma wiki ijayo.

Mafuta ya kupuliza yasiingie humu. Mashine hizi hutoa cheche kila rilei inapoachia, na mafuta mengi ya aina hiyo yanawaka. Yasipowaka, yatanasa vumbi na kuwa lami. Vivyo hivyo, pistoni na vibomba vya koili havipakwi chochote; hutembea vikavu.

Stepa, yaani vile vihesabu vya diski yenye vinundu vya shaba, ndivyo vinavyoumizwa zaidi na grisi ya kale. Grisi hiyo hugeuka gundi, na mkono wa stepa unabaki katikati ya safari. Fungua, futa yote kwa alkoholi, sugua diski kwa kitambaa kigumu hadi shaba ing'ae, kisha paka utando mwembamba sana wa grisi ya kisasa juu ya diski pekee. Mhimili uache mkavu. Kabla hujafungua springi yake, hesabu imezungushwa mara ngapi na uiandike.

Sasa washa, ukiwa na mkono karibu na plagi. Bonyeza kitufe cha kuanzia. Mota ya alama itazunguka, ngoma zirudi sifuri, mpira utolewe. Ikiwa mota inazunguka bila kukoma, tazama ngoma. Ile isiyofika sifuri ina koili dhaifu, uchafu, au swichi mbovu. Kama zote zinaonyesha sifuri na mota bado inalia, ngoma mojawapo haijaiambia mashine kwamba imefika: safisha swichi za nafasi ya sifuri kwenye ngoma zote, hata zile unazozidhania nzima. Wapya wengi hapa huanza kukata waya na kubadilisha rilei, wakati ugonjwa ni platini moja chafu.

Koili yoyote inayonasa na kunguruma bila kuachia, zima mara moja. Koili nyingi zimeundwa kwa mpigo wa sehemu ya sekunde. Zikiachwa kwenye umeme mfululizo huungua ndani ya dakika chache, na harufu yake hubaki nyumbani.

Flipa

Koili ya flipa ina nyuzi mbili: nene ya nguvu, yenye ukinzani wa omu chache, na nyembamba ya kushikilia, yenye ukinzani mkubwa zaidi. Swichi ndogo iliyo mwisho wa mwendo huwa imefungwa, na flipa ikifika juu hufunguka ili uzi mwembamba uingie kazini. Ikiwa chafu, flipa inakuwa legevu. Isipofunguka, koili inaungua. Irekebishe ili flipa ikiwa juu kabisa mwachano uwe kama milimita 3.

Usibabaike kutengeneza nusu nusu. Nunua seti nzima: pistoni na kiungo chake, kibomba cha nailoni, kizuizi cha koili, swichi na bushi. Kizuizi kilichopondeka peke yake kinatosha kuongeza urefu wa mwendo na kudhoofisha pigo. Kama kibomba cha zamani ni cha chuma na kimenasa kiasi cha kutotoka, badilisha koili. Unapofunga, acha flipa icheze juu na chini kwa nafasi pungufu kidogo ya milimita 1. Ikibana itakwaruza rangi ya ubao.

Ubao

Hapa ndipo pupa hugharimu zaidi. Ubao ni mbao iliyopakwa rangi na kufunikwa vanishi ambayo sasa ina nyufa. Maji hupenya kwenye nyufa, mbao inavimba, rangi inainuka. Anza na nafta (kiyeyusho cha jamii ya petroli) na kitambaa laini, madirisha wazi, mashine imechomolewa: hutoa nta ya kale na vumbi jeusi bila kudhuru rangi. Wengi wangeweza kuishia hapo. Sponji la melamini na alkoholi ya asilimia 90 au zaidi husafisha kwa kina, lakini pia hula vanishi. Lijaribu kwanza sehemu iliyofichwa chini ya bamba la mbele, na ukiona rangi kwenye sponji, acha. Malizia kwa tabaka mbili nyembamba za nta ya karnauba isiyo na chembe za kusugulia.

Vipande vya plastiki vinavyopitisha mwanga vikiwa vimezama, mpira utaruka juu yake na kukosa njia. Vipashe joto taratibu, visukume kutoka chini viwe sawa na mbao, kisha gundisha kwa epoksi upande wa chini. Vanishi ngumu ya gari yenye kikausho tunashauri umwachie mwenye chumba maalumu. Mvuke wake una sumu ambayo barakoa ya kawaida haizuii.

Weka raba mpya kabla ya kurekebisha swichi zilizo nyuma yake, maana raba mpya inasukuma vibamba tofauti na ile iliyolegea. Na mpira nao ubadilishe. Uliokwisha kuota kutu ni msasa unaotembea.

Kioo cha kichwani

Picha imechapwa nyuma ya kioo. Usiifute, usiibandike gundi ya karatasi, usiguse inapobanduka. Kama rangi inaanza kuachia, laza kioo picha ikiwa juu, funika madirisha ya alama kwa karatasi kwa sababu dawa huyatia ukungu, kisha puliza akriliki nzito isiyo na rangi. Kazi hiyo hairudishwi nyuma, kwa hiyo kioo kizima kiache kilivyo.

Anayebandua rangi hiyo kwa kiasi kikubwa ni joto. Balbu namba 44 hula milliampea 250, namba 47 hula 150. Kwa balbu 50 hiyo ni ampea 12.5 dhidi ya 7.5, kwa hiyo weka namba 47: joto linapungua na transfoma nayo inapumua. Balbu ikipepesa, kosa kwa kawaida ni soketi yenye kutu, badilisha soketi.

Kama mashine yako ni ya bodi

Tafuta betri kabla ya yote. Mashine za kampuni za Bally na Stern za mwishoni mwa miaka ya 1970 zina betri ya nikeli-kadimi iliyolehemiwa kwenye bodi, na ikivuja hula njia za shaba. Ikate, sugua eneo kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu (uvujaji huo ni wa alkali, asidi inautuliza), suuza, kisha pitisha alkoholi na ukaushe kabisa. Betri mpya ikae nje ya bodi kwa waya. Ukitumia isiyochajika, weka daiodi ya kuzuia (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kwani bodi itajaribu kuichaji. Baada ya hapo, lehemu upya pini za viunganishi. Nyufa zake hazionekani bila kioo cha kukuzia.

Mwisho rekebisha miguu. Ubao wa mashine ya rilei uinamie mbele nyuzi 3.5 hivi, wa mashine mpya zaidi kama 6.5. Cheza michezo kumi, chomoa, inua ubao, uangalie tena zile swichi mbili za flipa na skrubu za mirundo uliyogusa.